Bendi inayotunga jazz yake yenyewe: ruzuku ipi tuombe ili tupate nafasi ya kukaa na kutunga?

Udi_Kikwajuni:
Assalaam alaykum jamaa. Bendi yetu ni ya watu sita: udi, ganuni, saksafoni, besi, ngoma na mwimbaji. Hotelini tunapiga nyimbo za watu, wageni wanapiga makofi, tunalipwa, tunarudi nyumbani. Lakini tuna nyimbo zetu wenyewe, zinazoanzia kwenye makamu ya taarabu, yaani ngazi zake za sauti, na kuishia kwenye jazz, na tunataka kuziunga ziwe kazi moja ya saa nzima. Tuipige Unguja, kisha tuvuke nayo Pemba. Kinachotukwamisha ni kimoja: kila usiku kila mtu yuko kibaruani. Tunatafuta pesa ya kutuweka kitako tutunge na tufanye mazoezi.

Nimetazama njia nne. New Jazz Works ya Chamber Music America, New York, ndiyo iliyonitia tamaa zaidi maana inamlipa mtunzi na inawalipa wapigaji. Kuna mfuko wa UNESCO wa uanuwai wa utamaduni, ule wanaouita IFCD, unaotoa hadi dola 100,000. Kuna Prince Claus Fund ya Amsterdam, tuzo zao za Seed, euro 5,000. Na hapa nyumbani kuna mikopo isiyo na riba ya ZEEA, wakala wa serikali wa uwezeshaji wananchi kiuchumi Zanzibar. Wenye uzoefu semeni.

Bi_Shangani:
Wa alaykum salaam mwanangu. Hiyo ya New York iondoe kwenye hesabu kabla hujakesha nayo. Ni ya vikundi vya jazz vyenye makao Marekani, na hakuna mlango wa nyuma. Ilianza mwaka 2000 kwa pesa za wakfu wa Doris Duke.

Lakini usiitupe kabisa. Isome kwa namna ilivyofikiriwa. Wale wanakubali kwamba kutunga ni kazi, mazoezi ni kazi, na onyesho ni kazi, na kila moja ina malipo yake. Sisi huku tumezoeshwa kuandika maandiko ambamo muziki wenyewe hauonekani: semina kwa vijana, warsha kwa wanawake, ripoti, mabango, chai ya saa nne. Mtunzi anapata nini? Cheti. Kwa hiyo mfuko wowote utakaoushika, kwanza usiulize unatoa kiasi gani, uliza unaruhusu kulipia nini.

Kidumbaki:
Doris Duke si ndiye binti wa yule tajiri wa sigara wa Marekani? Yakhe, tule pesa ya tumbaku?

Bi_Shangani:
Mwenyewe alifariki 1993. Na wewe unayepiga kando ya kaunta ya bia kila wikendi, hilo la tumbaku ndilo limekukaa kooni? 😄

Ami_Karani:
Nimefanya kazi ya maandiko ya miradi mpaka nikastaafu, basi niseme juu ya IFCD.

Dola 100,000 ni kiwango cha juu, si kwamba kila anayekubaliwa anapewa hizo. Mradi huwa wa mwaka mmoja hadi miwili. Bendi kama bendi haiombi: inaomba asasi iliyosajiliwa, na andiko linapitia kwanza Tume ya Taifa ya UNESCO ndipo lisonge mbele. Fomu ni ya Kiingereza au Kifaransa. Mfuko wenyewe umetokana na Mkataba wa UNESCO wa 2005 juu ya uanuwai wa utamaduni na macho yake yako kwenye sera, kujenga uwezo na masoko ya kazi za sanaa. Mkienda pale mkasema "tulipeni tutunge", mtakuwa mmegonga nyumba siyo.

Wanangu, pesa nyingi zinataka mhasibu. Utahitaji mtu wa kutunza risiti, tena risiti za kweli, siyo karatasi ya daftari iliyoandikwa "nauli". Bendi ya watu sita ikibeba mradi wa ukubwa huo, kiongozi wake hatagusa udi tena. Nimeyaona hayo kwa kikundi kimoja cha taarabu: mpiga fidla bora kuliko wote akageuka mratibu, na mpaka leo anaandika ripoti.

Njia inayowezekana ni asasi kubwa kuomba, ninyi mkawa sehemu ya mradi wao. Kwa mfano, chuo cha muziki au waandaaji wa tamasha. Hapo lakini mkae mezani mapema, kipengele cha kulipia utunzi kiandikwe kwenye bajeti kwa jina lake. Kisipoandikwa siku ya kwanza, hakiingii tena.

Mwanawete:
Sie wa Pemba tunashukuru kukumbukwa, maana "Zanzibar" ya waandaaji wengi inaishia Bandarini Malindi.

Prince Claus msiwadharau. Euro 5,000 ukizigawa kwa watu sita hata 850 kila mmoja hapati, najua. Lakini tuzo za Seed zinatolewa kwa msanii mmoja mmoja aliye katika miaka ya mwanzo ya kazi yake, na hazimfungi kwenye mradi. Hupangiwi semina wala mabango. Hii ndiyo pesa inayofanana na unachokitaka, ila ni ya mtu, siyo ya bendi. Nani ataomba? Mkiomba kwa jina la mwenye udi, mwenye ganuni atasema nini zikija? Malizeni hilo kabla ya kujaza fomu. Bendi nyingi zimevunjwa na pesa zilizokuja kuliko na zilizokosekana.

Gharama za Pemba msizifiche. Boti mpaka Mkoani, gari mpaka Chake, mitambo, malazi. Na vibali vya BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, msivingoje wiki ya mwisho.

Sax_Chicago:
Niko huku Marekani, nimekulia Malindi. Bi Shangani kasema kweli juu ya New Jazz Works. Kuna na Jazz Road ya South Arts, Atlanta: kwa ziara imekuwa ikitoa hadi dola 15,000, na kwa makazi ya ubunifu, yaani msanii kupewa muda wa kukaa na kutunga, hadi 40,000. Nayo ni ya wasanii wa huku huku.

Kuna watakaowaambia: tafuteni kiongozi wa bendi aliye Marekani, aombe yeye, ninyi muingie kama wageni wake. Inawezekana, lakini tazameni mambo mawili. Mkija kupiga huku, malipo ya msanii mgeni hukatwa kodi asilimia 30 papo hapo, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuwapunguzia. Na viza ya kutumbuiza ni gharama na miezi ya kungoja. La pili ni utunzi. Kiongozi akiandika kwamba kazi ni yake na ninyi ni "wapigaji wa Kiafrika", makamu yenu na mashairi yenu yamekwenda. Kabla ya kumtumia mtu yeyote hata kipande, rekodini na mpeleke COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Kidumbaki:
Na ZEEA mbona hakuna anayeigusa?

Ami_Karani:
Kwa sababu mkopo ni deni hata bila riba. Utunzi haurudishi pesa mwezi wa tatu. Lakini mitambo inarudisha. Spika, mikisa na jenereta mkizinunua kwa mkopo wa kikundi, mnazikodisha kwenye harusi, na mnaacha kumlipa mtu mwengine kila mnapopiga. Hiyo ni biashara, iwekwe mbali na andiko la ruzuku. Msikope ili mtunge.

Bi_Shangani:
Naongeza jambo la kalenda ambalo mfadhili wa Ulaya hatalijua mpaka umwambie. Aprili na Mei ni masika, hoteli nyingi za kaskazini zinafunga au zinapunguza watu, wapigaji wanakaa bure. Ndio wakati wa kutunga, na ndio wakati pesa ndogo inafanya kazi kubwa, maana humlipi mtu kwa kuacha usiku wa hoteli. Ramadhani hakuna onyesho, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo msinakili ratiba ya mwaka jana. Onyesho la kwanza liwekeni baada ya Idi.

Na msitegemee mfadhili mmoja. Sauti za Busara yenyewe, tamasha lililoanza 2004 na linalojulikana dunia nzima, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa wafadhili. Ikiwa wao ilikuwa hivyo, sisi wa watu sita je?

Udi_Kikwajuni:
Shukrani Bi Shangani, Ami, na wote. Nimekaa na wenzangu jana. IFCD tunaiacha, isipokuwa asasi itualike. New York tunaiacha. Tutaomba Seed kwa jina la mwenye ganuni, kwa sababu yeye ndiye kaanza karibuni na ndiye mwenye tungo nyingi, na tumeandikiana karatasi: nusu yake, nusu ya mazoezi ya bendi. Mwenye saksafoni alinuna kidogo, kisha akasaini. Mkopo wa mitambo tutautazama baadaye.

Swali la mwisho: rekodi ya kupeleka iwe nzuri kiasi gani? Studio hatuna pesa.

Sax_Chicago:
Isiwe chafu tu. Msirekodi kwa simu ukumbini watu wakigonganisha vyombo. Chumba kimya, maikrofoni mbili, wimbo mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chagueni ule ambao ganuni inapiga robo toni, zile sauti za katikati ambazo piano haina, na saksafoni inaifuata bila kuteleza. Hicho hawakisikii kila siku. Msianze na wimbo wa kawaida wa jazz wa Kimarekani, hizo wanazo wao.

Mwanawete:
Nina maikrofoni mbili na nashuka Unguja Jumamosi. Nipeni chumba baada ya alasiri. Na mwenye ganuni aje ameshatia sauti nyuzi zake, sitaki kukaa mpaka magharibi nikimsikiliza akizikaza.