Majumba ya zamani ya sinema: yalindwe au yavunjwe?

Upanga_Damu: Wadau, haya majumba ya sinema yaliyobaki, hapa Dar na mikoani, yalindwe au mwenye kiwanja aachiwe ajenge ghorofa lake? Mi nasema yalindwe. Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox, vijana hawajui hata zilikaa wapi, na Drive-In ya 1966 pale Msasani ndo ubalozi wa Marekani sahivi.

MtuWaIlala: Kulinda kuta ili iweje? Watu wanaangalia muvi kwenye simu. Dar sawa, ila mikoani mlikuwa mnaoneshwa picha kwenye shuka na gari la serikali, sasa mnalinda nini huko?

TangaKwetu: We Ilala tuheshimiane! Shuka gani? Tanga tulikuwa na Majestic, Regal na Novelty, Moshi Plaza, Arusha Metropole. Picha ya Kihindi ikiingia Jumapili mji mzima uko foleni, tiketi zikiisha unamfuata mlanguzi, wote tunatoka tunaimba nyimbo ambazo maneno yake hatuyajui.

MtuWaIlala: Mji mzima wapi, wenye nazo walikaa juu balkoni, makabwela chini mbele.

Bi_Kinondoni: Huko chini mbele ndo tulikaa sisi mwanangu, na hela tulilipa wenyewe. Usitusemee.

MzeeWaPosta: Mnagombania viti wakati waliozinyonga hamuwataji. 1971 majengo yakataifishwa, sinema zikaenda kwa Msajili wa Majumba, filamu zikawa mikononi mwa ile kampuni ya serikali ya filamu, fedha za kigeni hakuna, mnaletewa picha ileile imekwaruzika mpaka inakatika, nani atalipa kiingilio?

MtuWaIlala: Mzee usimguse Mwalimu. Video ndo imeua, na TV.

MzeeWaPosta: Mwalimu nimemtaja wapi? Bara ITV imekuja 1994, muda huo viti vilishang'oka.

TangaKwetu: Na Dar ikifungwa moja mnahamia nyingine, mji mdogo ikifungwa ndo basi, vijana wanabaki na kibanda cha video.

Upanga_Damu: Jamani sheria. Ile ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, la baadaye mpaka waziri alitangaze. Hakuna sinema ya umri huo, kwa hiyo tumwandikie waziri.

MtuWaIlala: Akishatangaza, bati analipa nani?