Programu ya madaktari "inayofanya kazi bila mtandao", na usiku wa manane inakufungia

Wandugu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka zamu, sijalala, na nimekasirika.

Kuna programu moja ya rejea za kitabibu, wengi wenu mnaijua. Sitaitaja jina, sitaki kesi na watu wenye mawakili. Tangazo lake linasema wazi: pakua mara moja, tumia popote, hata pasipo na mtandao. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitoa pesa. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna anayenunua kitu cha simu bila kuuliza kwanza kama kinafunguka bila mega, yaani bila data. Mtandao unakuja unapotaka, umeme unaondoka unapotaka, na katika baadhi ya wodi zetu mtandao hauupati mpaka uende kusimama dirishani.

Kumbe kuna masharti yamefichwa chini kabisa. Programu inataka kuongea na seva yake kila baada ya muda fulani, ihakikishe kwamba bado wewe ni mteja. Isipoongea nayo, inajifunga. Faili lote limo ndani ya simu, zaidi ya gigabaiti moja, umefuta hadi picha za harusi ya dada yako ili lipate nafasi, lakini hufungui hata ukurasa mmoja mpaka uingie upya, na kuingia upya kunahitaji mtandao. Ni sawa na mtu kukuuzia jenereta inayowaka tu wakati umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, upo.

Mkitaka kujua imeniudhi wapi hasa, ni hivi. Analetwa mtoto wa kilo 14, usiku, degedege mbili njiani, amepauka, kipimo cha haraka cha malaria kimetoka chanya. Artesunate, dawa ya sindano ya malaria kali, ipo, tumshukuru Mungu kwa hilo. Muuguzi wa zamu, mama niliyemkuta kazini na atakayeniacha kazini, anasema 2.4 mg kwa kilo, ndivyo alivyofundishwa. Mimi nasema 3. Wote wawili tuna hoja, kwa sababu 2.4 ndiyo iliyokuwa inaandikwa kwa kila mtu mpaka OMS (Shirika la Afya Duniani) ilipobadilisha mwaka 2015: mtoto wa chini ya kilo 20 apewe 3 mg kwa kilo, kwa kuwa kwa kipimo cha zamani dawa ilikuwa haifiki ya kutosha katika damu ya watoto wadogo. Kwa mtoto wetu, 2.4 inatoa 33.6 mg na 3 inatoa 42 mg. Hayo si mambo ya kubishania juu ya kitanda cha mtoto anayetetemeka, wala ya kuamuliwa na nani ana sauti kubwa. Ndiyo maana mtu ananunua rejea. Natoa simu, naifungua, inaniambia: kikao chako kimekwisha, ungana na intaneti ili kuendelea.

Nimeinua simu juu, nimeenda dirishani, nimerudi. Bibi wa mtoto ananitazama. Kwake yeye daktari mwenye simu mkononi ni mtu aliyeko Facebook. Akasema, "Docta, weka kwanza telefone, mutoto anaisha." Mtamjibu nini bibi huyo? Kwamba natafuta dozi lakini kampuni huko ng'ambo haina uhakika kama nimelipa?

Mwenzangu wa zamu ndiye aliyetoa yake, ile programu ya miongozo ya MSF, Madaktari Wasio na Mipaka. Ikafunguka hapo hapo, Kifaransa, bila kuuliza jina wala neno la siri. Artesunate, chini ya kilo 20, 3 mg kwa kilo, saa sifuri, saa 12, saa 24, halafu mara moja kwa siku. Namna ya kuichanganya pia ipo: kichupa cha 60 mg, bikabonati 1 ml, kisha maji ya chumvi 5 ml kwa sindano ya mshipa, upate 10 mg katika kila ml. Tukavuta 4.2 ml. Mama muuguzi akasoma mwenyewe, akatikisa kichwa, kazi ikaendelea. (Mtoto amepona, msinijazie uzi kwa swali hilo.)

Sasa nisaidieni kuelewa. Shirika linalotibu watu bure katika kambi limeweza kuweka vitabu vyake, dawa muhimu, uzazi, magonjwa ya kila siku, ndani ya programu ya bure inayofunguka hata chini ya ardhi. Kampuni inayokusanya dola mia kadhaa kwa mwaka kwa kila kichwa imeshindwa? Haijashindwa. Ile kufuli imewekwa makusudi, ili mtu asitumie siku moja ambayo hajalipia. Wamepima hasara ya wizi kwa upande mmoja na daktari wa zamu ya usiku kwa upande mwingine, wakachagua. Basi wasiandike "bila mtandao" kwenye tangazo.

Na hiyo ni baada ya kufanikiwa kulipa, maana kulipa kwenyewe ni kisa kingine. Wanataka kadi ya benki. Benki zetu za biashara hapa mjini zilifungwa Januari 2025, M23 walipouteka mji, na hata kabla ya hapo ni madaktari wangapi walikuwa na kadi inayokubalika kwenye malipo ya kimataifa? Watu hapa tunaishi kwa pesa ya simu: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ada ya masomo inapita humo, kodi ya nyumba inapita humo, hata michango ya msiba. Programu haijui kitu kinachoitwa pesa ya simu. Kwenye orodha ya nchi nikakuta Kongo moja tu, ya +242, yaani Brazzaville. Namba ya +243, ya Kongo yetu ya Kinshasa, inakataliwa kuwa si sahihi! Mwishowe nimelipa kupitia ndugu wa rafiki aliye upande wa Gisenyi, Rwanda, nikavuka mpaka wa Petite Barrière na dola mkononi kumrudishia, na jamaa wa kubadilisha pesa naye akachukua chake. Mganga wa hapa anayengoja prime (posho ya serikali) ambayo haijulikani inafika lini, na mwanafunzi ambaye hata hiyo prime hana, wafanyeje?

Nikaandikia huduma yao kwa wateja. Jibu: tafadhali hakikisha una muunganisho thabiti wa intaneti kabla ya kutumia huduma. Nikaandika tena nikiwaeleza kwamba hilo ndilo lalamiko lenyewe. Jibu likaja lile lile, na mwishoni ombi la kuwapa nyota tano.

Lakini kinachoniuma kuliko kufuli na kadi ni hiki. Hiyo artesunate wanayoniuzia ukurasa wake, ushahidi wake ulitoka wapi? Jaribio la AQUAMAT, lililotoka mwaka 2010, lilikuwa na watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, na Kongo yetu imo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Kutokana na watoto hao OMS ikaibadilisha tiba ya malaria kali ya watoto mwaka 2011. Na Ebola je? Jaribio la PALM, la kulinganisha dawa za Ebola, lilianza Novemba 2018 hapa hapa Kivu Kaskazini, Beni, Butembo, Katwa, Mangina, profesa Muyembe, mtafiti wetu wa Ebola, akiwa miongoni mwa waliolisimamia. Wagonjwa 681. Mojawapo ya dawa mbili zilizoshinda, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Mkongomani. Leo ukifungua programu yoyote kubwa, sura ya Ebola inasimama juu ya hao watu, na daktari wa Butembo anaambiwa namba yake ya simu si sahihi.

Halafu yaliyomo yenyewe, hata ukiwa ndani. Ukurasa wa malaria kali unaanza kwa kuniambia nipige simu CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa kule Marekani. Naelewa ulikotoka: Marekani artesunate haikuwa na kibali mpaka Mei 2020, kabla ya hapo daktari wao alilazimika kuiomba CDC, na wao wanaona wagonjwa kama 2,000 kwa mwaka, wengi wakiwa wasafiri. Sawa. Lakini hiyo ni rejea ya nani? Sisi tuna wagonjwa wa malaria wawili kitanda kimoja. Kreatinini inaonyeshwa kwa mikromoli wakati maabara yetu inaandika mg kwa dl, kwa hiyo usiku unazidisha kwa 88.4 kwa kichwa. Majina ya dawa ni ya biashara ya huko kwao, wakati rafu za hapa zimejaa jeneriki za India. Hatua ya pili ya kila ugonjwa ni kipimo kinachohitaji mashine ambayo mgonjwa wangu hataiona.

Na sisi wenyewe pia, msidhani nimewasahau. Kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp kuna mtu anatupia "version crackée, wandugu, kabla hawajaifuta", yaani programu iliyovunjwa kufuli. Hiyo haisasishwi tena, imeganda siku iliyoibwa, na hujui aliyeivunja ameongeza nini humo. PDF nazo zinazunguka bila ukurasa wa kwanza, huoni mwaka. Ile 2.4 mg kwa watoto bado inatembea mjini kwa sababu ya PDF za namna hiyo, nimezikuta kwenye simu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi simlaumu sana, hana njia nyingine. Ninayemlaumu ni mkubwa wa zamu anayempigia kelele "acha simu" bila kumwonyesha rejea halali iko wapi.

Maana halali zipo. Hinari, maktaba ya kitabibu ya mtandaoni, ipo tangu 2002, OMS na wachapishaji waliianzisha kwa ajili ya nchi za aina yetu, na Kongo iko katika kundi lisilolipa kitu. Majarida na vitabu kwa maelfu. Lakini anayeandikishwa ni taasisi, mtu binafsi hawezi. Kwenye kitivo nilichosoma, neno la siri lilikuwa kwa mtu mmoja wa maktaba, na mtu huyo alilishika kama la benki. Tumemaliza masomo tukisikia tu kwamba lipo. Kama wewe ni mkuu wa kitivo au wa maktaba na unasoma hapa, libandike ndani ya maktaba, wape wanafunzi, waeleze masharti. Hakuna anayekudai hata franka moja.

Ninachodai kwa kampuni hii si zawadi. Simu ikikosa mtandao, waniache nisome nilichokwisha kulipia mpaka mwaka wangu uishe, na waweke tarehe ya sasisho la mwisho juu ya kila ukurasa, niamue mwenyewe kama nauamini. Sasisho livute kurasa zilizobadilika tu, si gigabaiti nzima upya, mega zinanunuliwa. Wapokee pesa ya simu. Waongeze +243. Hilo la mwisho ni mstari mmoja kwenye orodha, mwanafunzi wa informatiki anaurekebisha kabla chai haijapoa.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza kuuliza. Aliyesema "si ungekariri dozi": nimekariri, na mama muuguzi naye amekariri, ndiyo shida yenyewe. Aliyesema nitumie Vidal: ni kitabu kizuri cha dawa, kipo tangu 1914, ila ni cha soko la Ufaransa, nusu ya majina hayo hapa hayapo. Mkunga aliyeuliza kuhusu uzazi: jaribu Safe Delivery App, ya Wadenmark, ina toleo la Kifaransa, video zake zinaonyesha mikono ikifanya kazi, kutoa kondo la nyuma, kumfufua mtoto asiyepumua, na ukishapakua inafanya kazi bila mtandao. Hiyo nimeiona ikitumika kwenye kituo kisicho na umeme.

Aliye na programu ya kukokotoa dozi kwa kilo, ya Kifaransa, inayofunguka simu ikiwa kwenye hali ya ndege, aiweke hapa chini pamoja na mwaka wa sasisho lake. Ijaribuni kwanza mkiwa mmezima data, ndipo muandike. Viungo vya programu zilizovunjwa nitaviripoti, msinichoshe.