Tunaopiga picha kwa kupenda tu, Dodoma na Kanda ya Kati: unaeditia programu gani, na una vifaa gani? Tupeane uzoefu

Mleta uzi, Ipagala
Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni wetu sisi tusiopiga harusi wala sendofu, tunaotoka na kamera kwa sababu roho inapenda. Ubishi wa Canon na Nikon tuuweke pembeni. Huku kwetu wanaoamua ni wawili: jua na vumbi. Kiangazi saa saba mchana uso wa mtu unatoka nusu mweupe nusu mweusi. Kwa hiyo programu ninayoitafuta ni ile inayofungua kivuli bila kuijaza picha chenga, yaani vile vidoa vidogo kama mchanga.

Mimi natumia darktable. Ni ya bure moja kwa moja, na ukishaipakua haikudai bando tena. Vitufe vyake ni vingi mno. Nimejifunza vichache tu: mwanga, joto la rangi, kupunguza chenga. Vinanitosha. Ila piga RAW jamani, yaani faili ghafi la kamera kabla halijageuzwa kuwa JPEG, picha ya kawaida! JPEG inabeba ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 inabeba 16,384. Ukivuta kivuli kwenye JPEG unakuta matope, kwenye RAW unakuta macho ya mtu.

Karibuni. Semeni na mashine mnazotumia, maana ushauri bila kujua RAM ya mtu haumsaidii.

Mdau wa Area C
Mkuu, kwenye laptopu yangu ya RAM 4 GB darktable ilikuwa inaganda kila nikigusa kitu. Nikahamia Digital Photo Professional, ambayo Canon wanaitoa bure kwa wenye kamera zao. Wenye Nikon wana NX Studio, imetoka 2021, nayo bure. Hizi watu wanazipita wakikimbilia majina makubwa, na kwa anayeanza zinatosha kabisa. Kasoro ni moja, ya Canon haifungui RAW za kamera za wengine.

Mdau wa Kondoa
Mie napenda kupiga michoro ya miambani Kolo, ile iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pale ndipo utajua kazi ya programu. Uko chini ya mwamba kwenye kivuli, nje jua linawaka, na flashi sipigi kabisa kwa heshima ya michoro yenyewe. Naweka kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) naishusha hadi 100, shata, yaani pazia la kuingizia mwanga, naiacha wazi sekunde nzima au zaidi. Nikifika nyumbani kazi kubwa ni joto la rangi. Kivulini kamera huleta ubluu, na ule wekundu wa mchoro unakufa. Nabeba karatasi ya kijivu, naipiga picha moja palepale mwambani, halafu programu inasoma rangi sahihi kutoka kwenye karatasi hiyo. RawTherapee inanifanyia hivyo kwa kubofya mara moja. Kifaa nilichonunua kabla ya vyote ni stendi, na hadi leo naona nilipata thamani ya pesa yangu.

Dada wa UDOM
Mimi sina kompyuta ya picha. Simu tu na Snapseed. Simu yangu inapiga DNG, ambayo nayo ni aina ya RAW, Snapseed inaifungua, naeditia kitandani. Mashamba ya zabibu Mpunguzi nayapiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza. Ukipata mwanga wa saa ile, cha kuediti kinabaki kidogo sana.

Mdau wa Singida
Niongeze la lenzi, kwa wanaonunua vitu vilivyotumika. Nikon ndogo kama D3100 na D3200 hazina mota ya fokasi ndani. Ukiifunga lenzi ya zamani ya AF-D, itabidi uzungushe fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota yake ndani ya lenzi. Mie nilikwenda dukani na kamera yangu, nikajaribu lenzi kabla ya kutoa hela, na muuzaji hakukasirika. Kwa ndege wa Ziwa Singidani natumia lenzi ya kuvuta mbali, 70-300, na sijaona haja ya kubadilisha kamera.

Mdau wa Kikuyu
Lightroom vipi? Naona hakuna aliyeitaja.

Mleta uzi, Ipagala
Lightroom ni nzuri sana, hasa kupanga maelfu ya picha. Lakini toleo la mwisho la kununua mara moja lilikuwa la 6, la mwaka 2015. Sasa unalipia kila mwezi au mwaka, kwa kadi. Kama unamudu, chukua. Kraki za mtaani usiguse, zinakuja na virusi na picha zako zote ziko humo humo.

Na la vumbi nisilisahau. Lenzi badilishia ndani ya gari au chumbani, kamera ikitazama chini. Kujua kama sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, imeingia vumbi, weka f/16 (tundu la lenzi liwe dogo), piga anga tupu, kuza picha. Ukiona madoa, anza na pampu ya mkono ya kupuliza hewa. Usipulize kwa mdomo, mate yakigusa sensa ni shida nyingine. Doa likigoma, peleka kwa fundi wa kamera.

Mdau wa Kondoa, hiyo karatasi ya kijivu umeipata wapi?