Sikio limeziba, kijiti cha pamba kiwekeni kando

Neema: Shikamooni wakubwa. Mtu anatoka kuoga, sikio linaziba ghafla. Ni maji yamebaki?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mara nyingi ni nta. Ilikuwamo siku zote, imeacha upenyo mdogo sauti ikapita. Ikilowa huvimba, upenyo ukafungika.

Juma: Si kijiti cha pamba tu, kazi imekwisha 😄

Shangazi Rehema: Ndiyo inaanza! Nta hutengenezwa theluthi ya nje tu ya mfereji wa sikio, ambao kwa mtu mzima una sm 2.5 hivi. Ngozi ya humo hukua kuelekea nje na kuibeba. Ukikuta nta imeegemea ngoma ya sikio, mara nyingi kuna mkono ulioisukuma.

Mjomba Salim: Au mashine ya kusikia imekaa mlangoni kutwa. Huyo hana kosa.

Neema: Basi inatolewaje?

Shangazi Rehema: Mafuta ya zeituni. Shika chupa mkononi yapate joto la mwili. Mgonjwa alale ubavu, sikio lililoziba juu. Livute juu na nyuma (mtoto mdogo, chini na nyuma), tia matone 3 hadi 5, atulie dakika 10. Asubuhi na jioni, siku 3 hadi 5. Usizibe kwa pamba, itanyonya mafuta yote.

Mjomba Salim: Siku mbili za mwanzo anaweza kusikia vibaya zaidi, maana nta inalainika na kutanuka. Hapo ndipo watu hukimbilia kijiti tena.

Juma: Na kupiga maji kwa bomba la sindano?

Shangazi Rehema: Baada ya siku za mafuta, si kabla. Bomba la ml 20, sindano imetolewa. Maji ya nyuzi 37. Yakiwa baridi au moto, kizunguzungu papo hapo. Elekeza ukuta wa juu kwa nyuma, usilenge ngoma. Ncha isijaze tundu, maji yapate pa kutokea. Taratibu. Akisema inauma, acha.

Mjomba Salim: Ngoma iliyotoboka, upasuaji wa sikio, vijibomba vilivyowekwa kwenye ngoma, usaha: maji hapana, mafuta hapana. Mwenye kisukari aende kwa mtaalamu, maambukizi yake yanaweza kufika mfupani.

Juma: Mishumaa ya masikio je?

Shangazi Rehema: Haivuti kitu. Hiyo "nta" unayoonyeshwa ni ya mshumaa wenyewe. Watu wameungua bure.

Mama Neema: Mtoto akitia punje ya haragwe?

Mjomba Salim: Usitie maji, itavimba. Akitia betri ndogo ya saa, hospitali sasa hivi bila tone la kitu. Inachoma ndani ya saa chache.

Neema: Siku 5 zikiisha bado limeziba?

Shangazi Rehema: Kliniki ya masikio, wanaifyonza wakitazama kwa darubini. Lakini Neema, kabla ya mafuta: afunge mdomo, avume "mmmm". Sauti inaegemea wapi?

Neema: Sikio hilohilo lililoziba.

Shangazi Rehema: Basi huenda ni kizuizi kweli. Ingeenda lile zima, ningehofia mshipa wa fahamu, na huo ni wa daktari siku hiyohiyo.

Mjomba Salim: Usaha, damu au kizunguzungu?

Neema: Hakuna. Na ngoma haijawahi kutoboka.

Shangazi Rehema: Haya, matone ya kwanza leo jioni.