IST inalala nje ya geti Tabata: nianze na kipi kuzuia wizi?

Kisiwani_T:
Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Toyota IST ya 2004, ufunguo wa kawaida usio na chipu. Uchochoro ni mwembamba, gari halipiti, kwa hiyo linalala barabarani mita kama 15 kutoka dirishani. Huku wizi ni wa aina mbili: wanaoondoka na gari zima, na wanaong'oa saiti mira (vioo vya pembeni), taa na kontroli boksi (kompyuta ya injini) usiku. Hela haitoshi kufanya yote kwa mpigo. Nianze na GPS, swichi ya siri ya pampu ya mafuta, au kufuli la usukani? Na kupiga ribiti hizo saiti mira kuna maana? Naomba maelezo ya kina tafadhali.

Fundi_Waya:
Mkuu, anza na swichi ya siri. GPS inakuonyesha gari lilikokwenda; swichi inalizuia lisiende.

Nunua rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya volti 12, ampea 30 au 40, yenye miguu minne. Kata waya chanya wa pampu, upande mmoja uingie mguu wa 30, mwingine 87. Mguu wa 86 upate umeme unaokuja ufunguo ukiwa ON. Mguu wa 85 upitie swichi uliyoificha, kisha uende kwenye bodi (bati la gari, yaani hasi). Kwa mpangilio huo swichi inabeba mkondo mdogo sana, ndiyo maana hata swichi ndogo isiyoonekana inatosha. Waya wa pampu wenyewe ndio usipunguzwe unene: tumia wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya kampuni ibaki palepale.

Usifuate rangi ya waya, pima kwa mita. Kwenye Toyota nyingi za umri huo pampu haipati umeme ufunguo ukiwa ON tu, inapata stata ikizunguka na injini ikiwaka. Fundi anayepima ufunguo ukiwa ON peke yake atakwambia waya umekufa, kisha ataenda kukata waya mwingine.

Kinachoharibu kazi hii ni maungio. Waya zikisokotwa na kufungwa solotepu, baada ya miezi zinalegea, zinapata moto, gari linazima katikati ya foleni. Dai zichomelewe kwa risasi na kuvishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Swichi isikae chini ya usukani wala karibu na hendibreki, huko ndiko mkono wa mwizi unakoanzia.

Kwa nini pampu na siyo stata? Presha iliyobaki kwenye bomba inawasha injini kwa sekunde chache, halafu inazima. Mwizi anaona gari bovu, na limeshasimama mahali watu wanaliona. Stata ukiikata, anayejua kazi anaipelekea umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Nuru_Sinza:
Naungana na Fundi, ila niongeze jambo ambalo wengi hawaelezwi wanapofungiwa GPS yenye uwezo wa kuzima gari kwa simu. Rilei yake kwa kawaida inafungwa kwenye mguu wa 87a, maana yake gari linawaka rilei ikiwa haina umeme. Mwizi akikipata kifaa na kuking'oa, gari linaendelea kutembea kama kawaida. Swichi ya Fundi inafanya kinyume: kisipofika kitu kwenye rilei, pampu imekufa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa GPS inatosha badala ya swichi.

Ukifikia hatua ya GPS, chagua yenye betri yake ya ndani na ifungwe chini ya plastiki ya dashibodi, uso ukitazama juu. Ikiwekwa nyuma ya bati haioni setilaiti. Isiwe ile ya kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari chini ya usukani, inachomolewa kwa sekunde moja. Ondoa PIN kwenye laini ya simu inayoingia ndani ya GPS kabla ya kuifunga, na bando lisiishe. Vifaa vingi vya bei nafuu vinakuja na nenosiri 123456, libadilishe siku hiyohiyo.

La usalama: usizime gari likiwa kwenye mwendo. Usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wa injini, na anayegongwa ni mpita njia asiye na kosa. Weka amri ifanye kazi chini ya kilomita 20 kwa saa.

Bi_Spea:
Habari zenu. Kwa gari linalolala barabarani, wizi wa vifaa ndio utakaokusumbua zaidi kuliko wa gari zima, na hapo swichi na GPS havisaidii kitu.

Vioo: andika namba ya gari kwenye kioo na pia kwenye plastiki inayokishika. Ukiandika kioo peke yake, kinabadilishwa kwa bei ndogo na mira inauzwa. Ribiti ziwe za chuma, milimita 4. Za alumini zinakatwa kwa patasi kirahisi. Mwambie fundi azungushe kioo pande zote kabla ya kupiga, kwa sababu ribiti ikizuia mota ndogo ya ndani, hutaweza tena kurekebisha kioo kwa swichi, na mota inaweza kuungua.

Kontroli boksi kwenye Toyota ndogo nyingi ipo nyuma ya dashibodi upande wa abiria, ndiyo maana kioo cha dirisha la kushoto ndicho kinachovunjwa. Mchomeleaji atengeneze mkanda wa bati la milimita 3 unaopita juu yake, ufungwe kwa bolti ambazo kichwa kinakatika zikikazwa. Acha nafasi ya hewa, na soketi isibanwe.

Kufuli la usukani linunue pia, la rangi kali linaloonekana kwa nje. Linakatwa, ndiyo, lakini kukata kuna kelele.

Na tafadhali, tusinunue saiti mira ya mkononi isiyo na risiti. Ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini imeibwa, ni kosa la kupokea mali ya wizi, na biashara hiyo ndiyo inayowarudisha wezi mtaani kwako.

Kisiwani_T:
Asanteni sana. Majirani wako tayari kuchanga, tunafikiria kamera nne. Umeme ukikatika je?

Ulinzi_Kona:
Kabla ya kamera, taa. LED ya wati 30 yenye kihisi cha mwanga, mita 4 hadi 5 juu, imulike gari kutoka upande wa nyumba. Ikimulika kuelekea nyumbani inakupofusha wewe na kumficha yeye.

Kamera zifungwe mita 2.5 hadi 3. Zikienda juu zaidi mnapata picha za kofia. Kamera nne zikirekodi megabiti 2 kwa sekunde kila moja, zinakula karibu GB 86 kwa siku, hivyo diski ya TB 1 inabeba siku 11 hivi. Mfumo mzima ukila wati 40, betri ya volti 12, Ah 100, ikitumika nusu tu ili isife mapema, inavusha usiku mzima. Kinasa picha za kamera kifungiwe ndani, siyo sebuleni karibu na dirisha.

Ulinzi shirikishi upitishwe ofisi ya serikali ya mtaa, walinzi waandikishwe na polisi kata awafahamu. Mkimkamata mtu, mkabidhini polisi akiwa mzima. Akipigwa mnaingia kwenye kesi, na aliyemtuma hapatikani.

Gari likiondoka: piga 112, nenda kituoni uchukue RB (namba ya taarifa yako polisi) ukiwa na namba ya chasisi na ya injini. Ziandike leo, na kadi halisi ya gari isikae garini. Kisha piga simu kwa bima yako. Bima ndogo hailipi wizi, na hata bima kubwa uliza kwa maandishi kama saiti mira na taa zimo.