Kitabu yangu ya volkano: huyu mama nimukate ao nimuache?

Mwana wa Majengo
Jambo bandugu. Niko na kitabu ya ma-paje 240 juu ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, ni sauti ya batu 31 ba hapa Goma benye nilirekodi na telefone. Nimeisharudilia yote mara mbili lakini kila mara nakorije tu koma na maherufi, kitabu yenyewe inabakia vilevile. Kitu yenye inaninyima usingizi: mama mumoja anasema lava iliwakuta Buhene, kule pembeni ya muji, siku ya posho mangaribi, palepale anasema iliingia mu ziwa. Ule mama anaongea vizuri sana, njo sura yangu ya kwanza. Nikate? Nitengeneze? Na Kiswahili yao, nigeuze sanifu?

Mwalimu wa Himbi
Yaya, huyo mama haseme bongo, amechanganya volkano mbili. Siku ya posho mangaribi ni tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na ile lava ilisimamia Buhene. Yenye ilipasua muji katikati, ikafunika kipande ya kiwanja ya ndege, ikaingia mu ziwa Kivu, ni ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na ilikuwa siku ya ine. Usiguse kinywa yake hata kidogo! Rudia kwake umuulize. Ila usimuulize walikimbilia wapi, juu batu balienda Sake 2002 na balienda tena Sake 2021 wakati baliamuru kartie 10 zitoke, hiyo haitakusaidia. Uliza mutoto wa mwisho alikuwa na miaka ngapi. Mama hasahau hiyo.
Na usimuweke wa kwanza mbele hujamaliza kuhakikisha, musomaji wa Goma akikuta kosa ya tarehe ku paje ya tatu hataamini tena bale 30 bengine.

Dada Katindo
Kiswahili yao achilia, tafazali, ukigeuza sanifu batu bote bataongea na sauti moja, yako. Chagua tu namna moja ya kuandika majina, Nyiragongo na Nyamulagira, ile volkano ya jirani, visibadilike-badilike.
Koma ni kazi ya mwisho kabisa. Kwanza toa kitabu ku karatasi, usomee mutu mwenye hakukuwa Goma 2002, kwa sauti, kila fasi anauliza «huyu ni nani?» weka alama, kila fasi anaanza kuangalia telefone yake piga musitari. Na kama umeanza na historia ya volkano tangu 1977, punguza, batu banataka kusikia bale bamama.

Mwana wa Majengo
Dada, nilikuwa na ma-paje 22 ya historia mbele. Nimebakisha mbili.
Mwalimu, nilirudia kwa mama. Mutoto wa mwisho alikuwa mu mugongo mara ya kwanza, mara ya pili njo yeye alimushika mama mukono bakikimbia. Nyumba yao ya Birere iliungua 2002, njo bakahamia Buhene. Nilimurekodi saa mbili na sikuwahi kumuuliza mbele alikuwa anaishi wapi. Sasa amekuwa sura mbili, ya kwanza na ya mwisho.