Wadhamini wa kanisa letu ni akina nani, na hela za ujenzi ziko wapi? Msituite Kora, jibuni

Wakuu, heshima kwenu. Jina la huduma silitaji. Waliopo humo wataijua kabla hawajafika aya ya tatu, na viongozi wanajijua. Tulitoka mwaka jana, familia kadhaa kwa pamoja, na tangu hapo tumeandika barua, tumekwenda ofisini, tumetuma hadi wazee wa heshima. Jibu ni lile lile: mmeingiwa na roho ya Kora.

Kwa wasiomfahamu, Kora ni yule wa Hesabu 16 aliyempinga Musa, ardhi ikafunua kinywa ikammeza yeye na watu wake. Hilo somo tumelishwa mpaka tukalikariri, na huwa linakuja michango ikikaribia. Mtu akiuliza kwa nini kiwanja hakijengwi, Jumapili inayofuata anahubiriwa Kora huku macho ya mhubiri yako kwenye safu aliyokaa. Akiuliza tena, anapandishwa cheo anakuwa Absalomu, yule mwana aliyemwasi baba yake Daudi.

Sasa swali lenyewe mlilolikimbia ni hili. Sadaka ya ujenzi mwanzoni tulikuwa tunaweka benki, kwenye akaunti ya kanisa. Baadaye ikatangazwa namba ya simu, eti kurahisisha. Ukiweka kiasi, kabla hujaingiza namba ya siri, linatokea jina la mpokeaji. Si jina la kanisa. Si la mhasibu. Ni la shemeji yake kiongozi mkuu! Tulipouliza tukaambiwa akaunti ya benki ina tatizo dogo, linashughulikiwa. Miaka imepita, tatizo dogo halijaisha, na shemeji amebadilisha gari.

Na hizo hela hazikuwa chenji za mfukoni. Kwenye ile sadaka ya kujimaliza, ya kutoa hadi kile cha mwisho ulicho nacho, kuna mama alibebesha vijana cherehani chake mpaka madhabahuni, hicho hicho alichokuwa anashonea sare za shule. Akarudi nyumbani kwa miguu, mkononi ana kile kitambaa cha kukifunikia. Kuna kijana aliweka kadi ya pikipiki. Leo nenda kiwanjani: kuna msingi wa mawe, nondo zilizoota kutu, na mbuzi wa jirani wanakula majani humo ndani. Hakuna tofali hata moja juu ya msingi.

Halafu kuna malezi. Watu wa nje hawalielewi hili, wanadhani ni mafundisho ya kawaida ya waongofu wapya. Kila mtu humo ana mlezi wa kiroho, na mlezi anaye wa kwake, hadi juu kabisa kwa Baba, yaani kiongozi mkuu. Mwisho wa mwezi unampelekea mlezi karatasi ya mshahara. Wa kwangu alikuwa na kalamu nyekundu. Anazungushia kiasi cha kabla ya makato, si kile kilichoingia benki, na fungu la kumi linapigwa pale pale mbele yako. Unataka kuhama nyumba, unaomba kibali. Unataka kuchumbia, unaomba kibali, na uchumba wa watu wawili ninaowafahamu ulivunjwa kwa simu kwa sababu binti "hajafunikwa", yaani hayuko chini ya mlezi. Kaka mmoja alikwenda kumzika baba yake mzazi kwa ibada ya Kilutheri bila ruhusa. Aliporudi aliwekwa benchi, asihudumu, asisalimiwe. Kwa kumzika baba yake!

Mnatuambia utaratibu huu wa kufunikwa ulikuja kwa ufunuo, mlimani. Acheni usanii. Mambo haya yalifundishwa Fort Lauderdale, Florida, miaka ya 1970, na walimu watano kutoka Marekani, Kanada na Uingereza: kila muumini awe chini ya mchungaji wake binafsi na amtii katika kazi, ndoa na fedha. Mmoja wao alikuwa Derek Prince, ndiye yule aliyewahi kuongoza chuo cha ualimu upande wa Kisumu, na ndiye ambaye vitabu vyake mnaviuza mlangoni kila Jumapili. Derek Prince alijitoa kwenye utaratibu huo miaka ya 1980. Mwenzake, Bob Mumford, alikuja kuomba radhi hadharani kwa jinsi watu walivyoumizwa. Wenye mafundisho yao wameyatema, nyie bado mnatulisha.

Na kuhusu Maandiko, msidhani ni nyie tu mnaosoma. Waebrania 13:17 mmeichapisha mpaka kwenye fulana: watiini wenye kuwaongoza. Endeleeni kusoma. Mstari huo huo unasema viongozi hao wanakesha kama watu watakaotoa hesabu. Samweli, aliyewatia mafuta wafalme, alisimama mbele ya Israeli yote akauliza ni ng'ombe wa nani amemtwaa, punda wa nani, amemdhulumu nani, na watu wakaruhusiwa kujibu. Paulo alipobeba mchango wa makanisa aliongozana na ndugu walioaminika ili mtu asije akamlaumu. Hao hawakuwa wamepakwa mafuta?

Mkibanwa mnakimbilia Katiba ya Tanzania, kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kweli, Ibara ya 19 inasema hivyo. Inasema pia kwamba mambo ya dini ni hiari ya mtu binafsi, ila hapo huwa mnaparuka. Na mnajua vizuri kwamba mmeandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa katiba mliyoipeleka wenyewe, na wadhamini, wanaoshika mali za kanisa kisheria, husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Basi watajeni. Hati ya kiwanja imeandikwa jina gani? Nimekuwa muumini humo tangu nikiwa kapera na katiba ya kanisa sijawahi kuiona hata jalada.

Mwingine ataandika kwamba tunawafananisha na Shakahola, kule Kenya, ambako wafuasi wa mhubiri walifungishwa kula hadi kufa. Hakuna aliyesema mnaua watu kwa njaa. Lakini 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa kule Kilifi, mlitumia ibada nzima kusema shetani anayashambulia makanisa ya Afrika Mashariki. Ndugu wa marehemu walikuwa wanaeleza jinsi watu wao walivyotengwa kwanza na shule, na hospitali, na jamaa. Hilo hamkuligusa. Ningekuwa kwenye viti vyenu na mimi nisingeligusa, maana nusu ya kanisa wangegeukiana kuangaliana.

Watetezi nao nawasubiri, wale wa "mbona uliponywa hapa hapa". Ndiyo, mke wangu aliombewa akapona, Mungu apewe sifa. Risiti za saruji ziko wapi?

Tunachotaka hakihitaji kufunga wala kuomba. Toeni majina ya wadhamini, nakala ya katiba, na taarifa ya benki ya mfuko wa ujenzi tangu siku ya harambee ya kwanza, iliyokaguliwa na mkaguzi asiye ndugu wa mtu. Yule mama arudishiwe cherehani chake au thamani yake. Na lile tangazo la kuwakataza watu kusalimiana na waliotoka lifutwe kwenye makundi yote ya WhatsApp, maana kuna watoto wa tumbo moja leo wanapishana sokoni kama hawajuani.

Tumeshaandaa barua ya kwenda kwa Msajili, na waliotoa kupitia ile namba ya simu watafuteni jumbe za miamala yenu, msizifute, zitaambatishwa. Na nyie viongozi, mkiamua kujibu, jibuni kwa maandishi na mtie sahihi. Acheni kumpigia mama yangu saa nne usiku kumwambia mwanawe amelaaniwa. Yeye ni Mkatoliki, hayupo chini ya mlezi yeyote, na safari ijayo amesema atapokea simu akiwa polisi.